Namna ya kusoma foto za zamani za wafua chuma mbele ya kuzionyesha watu

Kama wamekuomba uongee historia ya kwetu mbele ya watu, mu parokia, mu masomo ao tu mu kikundi cha vijana wa kartie, na mukononi uko na foto mbili tatu za wafua chuma wa zamani, kaa hapa kidogo mbele uende kusimama kule. Mimi mara ya kwanza nilisimama bila kujitayarisha. Foto ilikuwa moja, imegeuka rangi ya chai, watu watano, chini wameandika kwa Kifaransa "Forgerons indigènes, Kivu" (wafua chuma wenyeji, Kivu) na basi, hakuna mwaka, hakuna jina. Nikaonyesha kwa kidole ule kijana wa katikati mwenye kunyanyua nyundo, kifua wazi, misuli imesimama, nikasema huyu njo fundi mukubwa. Kule nyuma muzee mumoja akaanza kucheka. Alifua majembe miaka mingi upande wa Walungu. Akaniambia, "Mutoto wangu, angalia nani anashika koleo."

Nikaangalia. Koleo ilikuwa mukononi mwa ule mutu mufupi aliyechuchumaa pembeni, ata foto haikumupa heshima, nusu ya uso iko mu kivuli. "Ule wa nyundo ni musaidizi, anapiga fasi anaonyeshwa. Mwenye koleo njo anajua chuma imeiva ao bado."

Nikamwambia, "Asante Papa," nikaendelea, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Tangu ile siku foto ya mufua chuma naisomea mu mikono, alafu vyombo, alafu kivuli, na maneno ya chini naacha ya mwisho. Njo njia nitakuonyesha hapa.

Hatua ya 1: fanya kopi, foto yenyewe ipumuzike

Hii haraka. Shika foto ku pembeni, usiguse uso wake. Kama kuna skaneri, piga kwa dpi 600, na kama ni ka foto kadogo kama ya kitambulisho enda 1200. Kama hakuna, telefone inatosha: weka foto karibu ya dirisha asubuhi, zima flashi, simama sawasawa juu yake. Piga na mugongo wa foto, watu wengi wanasahau, na kumbe mugongo ndio uko na muhuri, namba, jina la studio, ata hesabu ya deni ya mutu. Usitumie zile programu za kutia rangi ao kusafisha uso. Inatengeneza macho na vidole ambavyo havikuwako, alafu wewe utasimama mbele ya watu na kuelezea kidole cha mashini.

Hatua ya 2: funika maneno ya chini

Kweli funika, na kipande cha karatasi. Ukisoma "mufua chuma anatengeneza mukuki" macho yako yatatafuta mukuki mpaka yaupate, ata kama pale kuko jembe. Chukua daftari, gawanya foto vipande vine, andika kila kitu unaona mu kila kipande bila kusema maana yake. Usiandike "mutumwa wa fundi," andika "mutoto, labda miaka 12, amekaa chini, fimbo mbili mikononi." Nusu saa kwa foto moja. Itakuchosha, na ku dakika ya ishirini hivi njo utaona kitu: mutungi wa maji nyuma ya mugongo wa mutu, kamba ya velo, mbwa, mwanamuke amesimama mbali ku mulango.

Hatua ya 3: mikono na vyombo

Hapa kaa sana.

Tafuta kwanza hewa inatoka wapi. Moto wa makaa bila hewa ya kusukumwa haufikishi chuma ku ile rangi ya machungwa, na ku kufua tunaongelea joto la digrii 900 mpaka 1100 hivi. Upande wetu wa maziwa makubwa utaona mara nyingi mivukuto ya mabakuli mawili, imechongwa mu muti ao imefinyangwa na udongo, juu imefunikwa na ngozi iliyolegea, na kila ngozi imefungwa ku fimbo. Mutoto anapandisha moja anashusha ingine, tak tak tak, hewa inatoka bila kukatika. Njo zile fimbo mbili. Watu wengi wakiona ile foto wanasema mutoto anapiga ngoma, mimi nilishasikia hivyo ku mutu wa diplome. Mbele ya mivukuto angalia murija wa udongo wenye kuingia mu moto, huo unapasuka kila mara, na kama pembeni kuna ingine mipya imepangwa, basi pale ni fasi ya kazi ya kila siku, haikuwa ya kuonyesha wageni.

Pili, nyundo. Mu foto nyingi za huku nyundo haina mupini. Ni kipande cha chuma kirefu, kizito, mutu anakishika mukononi kama vile unashika muchi mufupi, na kinaweza kusimikwa chini kikawa fasi ya kupigia juu yake, kwa hiyo kitu kimoja ni nyundo na pia ni fuawe. Ma lejandi ya zamani (yale maneno ya chini ya foto) yanaandika eti mutu anapiga na jiwe, kazi ya zamani za mawe. Kuza foto uangalie vizuri. Jiwe lilikuwako kweli, mawe makubwa kwa kuanza kazi, kukanda ile kipande ingali nono, alafu nyundo ya chuma ya kumaliza. Mutu mwenye kutumia jiwe kwa kuanza na chuma kwa kumaliza hakukosa akili, amepanga kazi. Ni kama seremala na randa zake mbili.

Tatu, koleo, na hii nimeshakuambia ilinigarimu nini. Koleo inaweza kuwa ya chuma, inaweza kuwa kijiti kibichi kimepasuliwa, ao chuma imechomekwa tu ku mupini wa muda. Mwenye kushika kazi ndani ya moto njo bwana wa fasi. Angalia na nani amekaa ku kiti na nani amekaa chini.

Nne, vitu vimemalizika viko wapi. Majembe yamepangwa? Mihoro ya kukata majani ya ndizi? Ncha za mikuki? Kama ni majembe mapya hayana mipini na yamefungwa pamoja, usikimbilie kusema ni ya shamba. Jembe lilikuwa mali ya kulipia ngombe na mbuzi, lilikuwa linatoka ku mahari, kwa hiyo ile fungu iliyo pale pembeni labda ni harusi ya mutu. Na tahadhari moja ya watu wa Kivu: zile pete nyingi ku miguu ya mwanamuke mu foto za zamani usiseme haraka ni kazi ya mufua chuma. Butega ilikuwa inasukwa na nyuzi za mimea, na yenyewe pia ilikuwa inapita kama feza kuzunguka ziwa Kivu. Mu foto ya nyeusi na nyeupe inafanana na waya kabisa.

Tano, tofautisha kufua na kuyeyusha. Kufua ni kupiga chuma ambayo iko tayari. Kuyeyusha ni kutoa chuma mu mawe, na hapo lazima uone tanuru, lundo la mawe, makaa mengi sana na takataka nyeusi zenye kung'aa, ile Kiswahili kinaita mavi ya chuma (sema hivyo mbele ya watoto, wataamka wote). Chuma inayeyuka kabisa ku digrii 1538, tanuru za wazee hazikuwa zinafika pale na hazikuwa na haja: ilikuwa inatoka donge lenye matundu kama sponji, wanalipiga mpaka uchafu utoke. Shaba inayeyuka ku 1085, hiyo inamwagika kama maji, njo maana ndugu zetu wa Katanga walikuwa wanaimwaga mu umbo la musalaba. Ukiona foto yenye vijishimo vya umbo la musalaba chini, uko Katanga na uko ku shaba, usilete mambo ya majembe.

Hatua ya 4: uliza kama ni kazi ao ni foto ya kazi

Fundi wa chuma anapenda kivuli. Hana taabu na jua, taabu yake ni rangi: anapima joto na macho, chuma nyekundu ya giza, nyekundu ya cheri, machungwa, manjano, na mu jua kali rangi hizo hazionekani. Njo maana kiwanda chake ni paa bila kuta. Sasa ukiona foto moto uko mu katikati ya kiwanja, saa sita, vivuli vimekatika kama na kisu, jua kwamba mupiga foto ndiye aliomba watoke inje juu kule ndani kamera yake ilikuwa haioni kitu. Haimaanishi foto ni ya uongo. Vyombo ni vyao, mikono ni yao, ila ule mupango wa watu ni wa mupiga foto.

Angalia pia nyundo yenye kunyanyuliwa. Kama kamera ni ya zamani sana na nyundo iko juu lakini iko safi kabisa bila kutikisika, mutu aliambiwa aisimamishe pale. Ule kijana wangu wa misuli, ninaamini mukono ulimuuma.

Lakini kuna mutego mumoja, na huu nauweka kwa herufi nene mu kichwa changu: kama chuma mu foto inaonekana nyeusi, usikimbilie kusema "ilikuwa baridi, walikuwa wanaigiza." Mpaka ku miaka ya 1920 hivi plaki za kioo na filimu nyingi za kamera zilikuwa hazioni rangi nyekundu. Chuma yenye moto mwekundu inatoka nyeusi tititi, kama makaa. Ni ile yenye kufika manjano njo inaanza kuangaza ku foto. Na kwa sababu hiyo hiyo kitambaa chekundu cha mama kinatoka cheusi, mbingu ya bluu inatoka nyeupe, na ngozi za watu wetu zinatoka giza kupita vile zilikuwa. Waambie watu hiyo, mara moja wataacha kusema "wazee wetu walikuwa weusi sana."

Kwa foto za kuyeyusha, kuwa na mashaka zaidi. Kisha chuma ya Ulaya kuingia kwa bei ndogo, tanuru zilizimika mapema sana fasi nyingi, lakini kufua kuliendelea na vyuma vya kuokota. Kwa hiyo tanuru yenye kuwaka mu foto ya miaka ya 1920 ao 1930 inaweza kuwa wazee wameombwa na mumisionari ao mutu wa serikali warudilie mambo waliyafanya wakiwa vijana. Iko na thamani kubwa bado, mikono haisahau, ila sema wazi: hii ni kumbukumbu imepigwa foto.

Na mupiga foto mwenyewe alikuwa anatafuta nini? Casimir Zagourski, Mupolandi aliyefika Léopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1924 na kufungua studio, aliuza karti postali nyingi mu mufululizo aliouita kwa Kifaransa "Afrika inayotoweka." Mutu mwenye kutafuta kitu kinachotoweka hawezi kukupigia foto ya mufua chuma akiwa na velo. Kisha yeye, miaka 20 hivi ikiwa imepita, wapiga foto wa Congopresse, ile idara ya habari ya serikali ya koloni, walikuwa wanatafuta kinyume: mufanyakazi mwenye kaputula safi, atelie yenye meza, maendeleo. Inchi ni ile ile, na chuma ni ile ile. Kama mugongoni kuna muhuri wa Congopresse na maelezo yamechapwa na mashini, jua unasoma barua ya serikali.

Hatua ya 5: mwaka

Usitoe mwaka mumoja, toa "mbele ya" na "kisha." Vitu vyenye kunisaidia mimi ni hivi. Jina la inchi: État Indépendant ni 1885 mpaka 1908, Congo Belge 1908 mpaka 1960, Zaïre 1971 mpaka 1997. Jina la muji: Costermansville inaishia mwanzo wa miaka ya 1950 kisha ni Bukavu, Elisabethville inaishia 1966 kisha ni Lubumbashi. Lakini karti inaweza kuchapwa tena miaka kumi kisha foto, kwa hiyo jina linakupa umuri wa karatasi, halikupi umuri wa moto. Umuri wa moto utafute ndani: mikaratusi nyuma ya nyumba, mabati, velo, debe la mafuta lenye kuwekwa maji. Mu Katanga kama fuawe ni kipande cha reli, fikiri kwamba treni ilifika Elisabethville 1910, mbele ya pale reli ya kuokota ilikuwa ngumu kupata. Lama za resori za gari zikiwa zimelala pembeni zikingoja kuwa panga, uko mu wakati wa ma kamio. Na mutu akiwa na abakosi (ile koti bila kravati ya wakati wa Mobutu) mu kikundi, hiyo ni miaka ya 1970 kwenda mbele, usiite "zamani za mababu," baba yako labda yuko pale.

Angalia kama foto haijageuzwa. Plaki ya kioo ukiiweka upande mubaya, kushoto kunakuwa kulia. Kama wafuaji wote wanne wanatumia mukono wa kushoto, ao vifungo vya shati ya mwanaume viko upande wa mwanamuke, geuza. Ukigeuza na maandishi ya duka kule nyuma yakasomeka, basi uko sawa.

Hatua ya 6: sasa fungua maneno ya chini

Soma, andika tafsiri yake, alafu ulinganishe na daftari lako. Neno "indigène" waelezee watu lilikuwa neno la sheria ya koloni, usilirudilie kama vile ni jina la mutu. Na hapa nitasema kwa nguvu kidogo: kama lejandi inasema "type" (aina) ya kabila fulani, usiipeleke ku mikrofoni kama ukweli. Wazungu wengi waliandika kabila kwa kuangalia urefu wa pua, ao waliuliza karani. Hapa kwetu neno moja la kabila kwenye foto linaweza kuvunja kikao chote, watu wanaanza kugombania nani alitangulia wapi na foto inasahaulika. Sema "wameandika hivi," sema fasi kama fasi inajulikana, songa mbele.

Kama lejandi inakuambia mutu ni chefu na wewe unaona fuawe karibu yake, usifikiri wamekosea. Kwa Waluba mambo ya kufua yanaingia mu ufalme wenyewe, walivaa ata pini za nywele zenye umbo la fuawe ndogo. Rwanda, wakati walifungua kaburi la mwami (mufalme) Cyirima Rujugira mwaka 1969, walikuta nyundo za chuma karibu na kichwa chake. Na kwa Wachokwe tanuru ilikuwa inafinyangwa na maziwa kama mwili wa mwanamuke, hayo si mapambo, tanuru inazaa chuma. Hapo pia utaelewa ule mwanamuke aliyesimama mbali ku mulango, fasi nyingi miiko ilikuwa inamukataza kukaribia tanuru.

Hatua ya 7: peleka foto kwa wenye kujua

Kwanza kwa wafuaji wa leo. Kadutu, kule Bukavu, upande wa soko, kuko vijana wenye kugeuza feraboto (nondo za kujengea) na resori kuwa majembe, makoleo, majiko, na hewa wanaisukuma na gurudumu la velo lenye kuzungusha feni. Wape foto bila kusema kitu. Mimi nilimupa kijana mumoja, akaiangalia sekunde kumi, akasema, "Muzee huyu anakunja shingo ya jembe, ona vile ameliweka ku pembe." Ile pembe nilikuwa nimeiangalia wiki mbili, sikuona kitu.

Alafu kwa wazee. Enda mutu mumoja mumoja, wakiwa wengi wa kwanza kusema anawafunga wengine. Salimia, kaa, kula kama wamekupa. Usiulize "Huyu ni mufua chuma wa hapa, si ndio Papa?" juu atakuitikia kwa heshima. Uliza, "Papa, hapa unaona nini?" na unyamaze. Omba ruhusa kurekodi na telefone. Majina ya kazi yaandike mu luga yake, Mashi, Kihavu, Kilega, vile anayatamuka. Kama anamutambua mutu, uliza kama jamaa wako wapi na kama wanakubali jina lisemwe mbele ya watu.

Hatua ya 8: siku yenyewe

Foto tatu zinatosha kwa saa moja. Kila foto onyesha nzima, unyamaze dakika nzima (ndefu sana, utaona), alafu onyesha mikono tu, alafu vyombo, na maneno ya chini yawe ya mwisho. Tumia sentensi za aina tatu na watu wasikie tofauti: "naona," "nafikiri juu ya hiki," "Papa fulani aliniambia." Chapisha kila foto ku karatasi ya A3 juu umeme utakatika, siku yangu ulikatika ku foto ya pili na tulimaliza na karatasi na toshi za telefone. Ukipata nafasi leta nyundo ya kweli, ata ya kuazima, ipitishe mikononi mwa watu. Uzito wake unaongea.

Muzee akikukosoa, mupe mikrofoni. Kisha kikao usikimbie, baki pale na foto ku meza na kalamu ya risasi, juu majina yanakuja wakati watu wanatafuta viatu vyao. Yaandike kidogo mugongoni mwa kopi, na tarehe na nani amesema, kamwe usiandike na biki ku foto yenyewe. Ule wa koleo, mimi bado sina jina lake. Muzee wa Walungu alisema atauliza dada yake.